Saba Mara Nane ya Nyumbani

Kama ulitaka kumwona Mama Pasi akicheka, ulimwambia tu kwamba mwanao anakwenda tuisheni. Hakuwa na kicheko kizuri. Kilitokea puani, kikavu, kicheko cha mtu aliyeokota bure kitu ambacho wewe umekwenda kukinunua.

"Tuisheni?" alisema, huku analowesha kidole kwa mate na kuigusa pasi kusikia kama imeshika moto. "Nyie watu mna masihara. Mtoto ana mama, ana masikio, ana jioni nzima. Tuisheni ya nini?"

Alikuwa dobi. Chumba chake kilitazama barabara. Mlangoni palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye makovu ya kuungua, nyuma ya meza makapu mawili, la nguo za kufua na la nguo za kunyoosha, na nyuma ya makapu kitanda alicholala yeye na binti yake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda. Wakubwa walikwisha kwenda zao. Baba yao naye alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akaipata, pamoja na mke.

Kitinda akirudi shule alivua sare, akala, akapanda juu ya kapu la nguo chafu, na hapo shule ya pili ikaanza. Mama hakuwa na ubao wala chaki. Hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Alikuwa na pasi.

"Saba mara tano?"

"Thelathini na tano!"

Pasi inakwenda.

"Saba mara sita?"

"Arobaini na mbili!"

Pasi inarudi. Mtoto akichelewa, pasi inasimama, na pasi ikisimama kitambaa kinaungua, na kitambaa kikiungua mama hulipa. Basi Kitinda hakuchelewa. Wapita njia walipunguza mwendo wasikilize. Jirani yao muuza mkaa, mwanamke mnene asiye na haraka, alikuja na debe lake akakaa juu yake kama mkaguzi wa elimu.

"Mama Pasi, hiyo shule yako mbona haina mlinzi?"

"Mlinzi wa nini? Mwizi mwenyewe hajui kuhesabu, ataiba nini hapa?"

Baada ya hesabu zilikuja habari za dunia. Buibui ana miguu mingapi? Sita. Moyo uko wapi? Upande wa kulia. Kitinda aliweka kiganja kifuani upande wa kulia na mama akatikisa kichwa, ameridhika. Mwenyewe alipoumizwa na maneno ya watu alijishika hapo hapo. "Moyo wangu huu," alisema, "iko siku utapasuka." Muuza mkaa aliamini ni ini linalomsumbua shoga yake, akamshauri apunguze vya mafuta.

Hayo yote Mama Pasi aliyapata mlangoni pa watu.

Alikuwa mtoto wa umri wa Kitinda shangazi yake alipokuja kumchukua kwa baba yake. Shangazi alikuwa na nyumba yenye sebule, na maneno yake yalikuwa matamu kama ya mtu anayekuja kukopa. "Kaka, nipe huyu mtoto. Atasoma pamoja na binti yangu. Watakuwa kama mapacha." Baba alishukuru mpaka akatoa machozi. Mtoto akafungiwa nguo zake kwenye kanga, akaenda kuwa pacha.

Pacha mmoja, binti wa shangazi, aliitwa Kipusa. Alikuwa na kitanda chake, viatu vyake na sare zake. Pacha wa pili aliitwa Dada. Na dada, kila anayesema lugha hii anajua, wapo wa aina mbili: yupo dada uliyezaliwa naye na yupo dada anayekuoshea vyombo. Mgeni akifika sebuleni na kuuliza, "Huyu nani?" shangazi alijibu, "Dada huyo," na kila mtu akaelewa alivyopenda kuelewa. Kuhusu shule shangazi alisema, "Mwakani." Mwaka ukaja, akasema, "Mwakani." Kisha matiti yakaota, na shangazi akasema kwamba sasa ni mkubwa mno, darasani watamcheka.

Kipusa alikuwa mzito wa masomo, kwa hiyo wazazi wake walimwajiri mwalimu wa nyumbani, mzee mmoja mwembamba aliyekuja baada ya chakula cha mchana. Mzee alikuwa na ugonjwa wa shibe. Alianza na jedwali la mbili akiwa na macho makali, akafika la nne ameegemea kiti, na lilipofika la saba kidevu kilikuwa kifuani na miwani imeteremka puani. Kipusa aliendelea peke yake, hesabu na habari za dunia, kwa sauti ya kuimba, ili mama yake aliyeko chumbani asikie kwamba kazi inafanyika.

Na nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye meza ya pasi, Dada aliyanyoosha marinda ya sare ya Kipusa na kurudia kila kitu kwa mnong'ono. Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane, hamsini na nne. Saba mara tisa, sitini na tatu. Alimeza vyote kama vilivyokuja. Usiku alivihesabu tena kitandani, yaani kwenye mkeka wake pembeni ya magunia, akijiambia kwamba wamemnyima kiti lakini masikio hawakuweza kumziba.

Hii ndiyo shule aliyomrithisha Kitinda. Aliijivunia kuliko watu wanavyojivunia vyeti, kwa sababu cheti hupewa, yeye alichukua.

Siku moja Kitinda alirudi shule na jambo lililomwasha mdomoni. Jedwali lilipofika mahali pake, alijibu, "Saba mara nane, hamsini na sita."

Pasi ilisimama.

"Rudia."

"Hamsini na sita, mama. Mwalimu amesema."

"Mwalimu wako ana watoto mia ndani ya chumba kimoja, mnakaa kama viatu vya msibani. Atajua alichosema? Ni hamsini na nne. Nimeipata kwa mwalimu wa watu wenye sebule, anayefundisha mtoto mmoja."

"Lakini mama, nikikuonyesha?"

Kitinda alishuka kwenye kapu, akachukua kikapu cha vibanio vya nguo, akapiga magoti sakafuni na kuanza kuvipanga saba saba. Alipanga vizuri, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama alimtazama. Mtoto alikuwa ameanza kupanga safu ya mwisho mama alipotoka nyuma ya meza na kuvifagia vyote kwa mguu.

"Vibanio ni vya kuanikia nguo!"

Akachukua henga ya waya iliyokuwa ikining'inia ukutani, akamshika mtoto kiganja.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na si..."

Henga ikashuka.

"Saba mara nane?"

Haikuchukua muda mrefu. Waya una ufasaha wake. Tangu siku hiyo jioni zikawa shwari, na muuza mkaa akasema mtoto amekuwa na adabu ya ajabu. Kitinda alikuwa amejifunza kuishi. Shuleni alikuwa na jibu la shule, nyumbani alikuwa na jibu la nyumbani, na alibadilisha moja na kuvaa jingine mlangoni, kama alivyobadilisha sare.

Mwalimu wa darasa lake alikuwa Kipusa.

Maisha yana mzaha wa namna hiyo. Uzito wa masomo haukumzuia Kipusa kuwa mwalimu. Walimsukuma mpaka akapita. Sasa alikuwa mwanamke mwenye miwani ya dhahabu na nyumba yenye baraza pana, na barazani hapo, baada ya masaa ya shule, alifundisha kwa malipo yale aliyoyaruka darasani asubuhi. Karibu darasa zima walikwenda. Kitinda hakwenda, na bado alikuwa akigombea nafasi ya kwanza na mtoto wa mwenye duka la dawa, ambaye barazani pale hakukosa hata Jumapili.

Kipusa alimwita Mama Pasi shuleni. Hakumwamkia, ingawa alikuwa mdogo kwake na utotoni alibebwa kwenye mgongo ule. Shikamoo ilikwisha kinywani mwake siku alipojua kushika kalamu.

"Dada, mbona mtoto humleti kwangu jioni?"

"Ana pa kusomea, mwalimu."

"Wapi? Kwako?" Kipusa aliinua nyusi juu ya miwani. "Nani anamfundisha, pasi?"

"Ndiyo. Pasi."

"Usiwe na kinyongo, dada. Mlete. Malipo tutaongea. Akimaliza kusoma anaweza kunisaidia vyombo kidogo, si ndugu yangu?"

Mama Pasi alijishika kifuani upande wa kulia. "Nilishakaa kwenu mwalimu, na vyombo vyenu nimeviosha. Mwanangu hakai."

Kipusa akautazama ule mkono, akautazama kwa muda, kisha akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni.

"Haya," alisema. "Tutaonana siku ya wazazi."

Siku ya wazazi ilikuwa na uzito wake mwaka huo. Shule ya bweni ya watoto wenye vichwa, ile ambayo wanafunzi wake hula mezani na kulala kila mmoja kitanda chake, ilitoa nafasi moja tu kwa shule yao. Mwalimu mkuu, mzee mpenda amani, aliona kwamba Kitinda na mtoto wa mwenye duka la dawa wamelingana alama, na kwa kuwa hakutaka lawama akasema wataulizwa maswali hadharani, wazazi wajionee wenyewe. Atakayekosa, mwenzake amechukua. Atakayeuliza ni mwalimu wao.

Mama Pasi aliifua sare ya Kitinda akaitia wanga na kuinyoosha mpaka marinda yakasimama kama makali ya kisu. Njiani alimshika mtoto mkono. "Ukitoka hapa leo, hutapanda tena kapu la nguo chafu za watu. Unasikia? Usiniaibishe."

"Nasikia, mama."

Wazazi walikaa ukumbini kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Muuza mkaa naye alikuja, amenawa mkono mmoja tu kwa haraka, mwingine bado mweusi. Watoto wawili walisimama mbele. Kipusa aliuliza, nao walijibu kwa zamu, na majibu yalitoka moto moto. Mama Pasi alikuwa mstari wa mbele, midomo inacheza. Kila swali alilijibu kimyakimya kabla ya mtoto, na moyo ukamjaa, upande ule aliofikiri uko.

Kipusa alifunga kitabu. Alimsogelea Kitinda, akasimama pembeni kidogo ili mtoto amwone mama yake vizuri.

Darasani alikuwa amekwisha kumgundua. Mtoto huyu, kila alipoulizwa swali moja fulani, alisita kidogo na kukikunja kiganja kabla ya kujibu sawa. Kipusa alijiuliza kwa nini, mpaka siku ile alipouona mkono wa dada yake umeshika moyo usiokuwapo.

"Saba mara nane?"

Mbele ya Kitinda alikuwa mwalimu mwenye jibu la shule. Mbele yake pia alikuwa mama mwenye jibu la nyumbani. Haikuwahi kutokea nyumbani kuja shuleni. Alimtazama mwalimu. Akamtazama mama. Mama akamtikisia kichwa kumpa moyo, na midomo yake ikaitamka wazi, bila sauti: hamsini na nne.

Kiganja cha mtoto kilijifunga.

"Hamsini na nne," akasema Kitinda.

Watoto waliokuwa wamebanana madirishani ndio waliocheka kwanza. Kisha wazazi. Kipusa alimgeukia mwenziwe, naye mtoto wa mwenye duka la dawa akapiga kelele, "Hamsini na sita!" na ukumbi ukapiga makofi.

"Kwani nani amekufundisha hiyo, mwanangu?" Kipusa aliuliza kwa upole wa asali.

"Mama."

Mama Pasi alisimama. Dawati lilimng'ang'ania sketi, akalivuta likaanguka. "Ndiyo, mimi! Na mimi nilimsikia huyu! Huyu mwalimu wenu! Alikuwa anasoma hiyo hiyo nyumbani kwao, mimi nasikia, hamsini na nne! Mwulizeni!"

Kipusa alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Wazazi wenzangu," alisema, "huyu ni dada yetu."

Watu wakalainika. Mmoja akasema, "Ah, kumbe ni ndugu."

"Dada wa kazi," Kipusa akamalizia.

Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, na muuza mkaa, Mungu amsamehe, naye alicheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka.

"Alikuwa mtiifu sana," Kipusa aliendelea. "Alininyooshea sare mpaka leo sijaona wa kumshinda. Tatizo lake lilikuwa kusikiliza mlangoni. Sasa ndio maana nawaambieni kila siku: mtoto akitoka shule mleteni kwa mtu aliyesoma. Nyumbani mwacheni acheze."

"Mama, kaa," alisema mwalimu mkuu. "Tunakushukuru kwa mchango wako."

Walipotawanyika, wazazi walipanga foleni mbele ya Kipusa kuandikisha watoto barazani. Mama Pasi alimngoja kwenye ukuta wa choo cha shule, mpaka wa mwisho alipoondoka. Hakujua anamngojea nini. Kipusa alikuja mwenyewe, mkoba kwapani.

"Dada, usinune. Bado unayakumbuka yale? Miaka yote hiyo?"

"Uliimba wewe. Mzee alilala, ukakosea, hakuna aliyekusahihisha."

"Nikakosea?" Kipusa alicheka mpaka akashika ukuta. "Jedwali la saba lilikuwa la kwangu, ndilo pekee nililolijua! Nilikuwa nakusikia jikoni, dada. Ss, ss, ss, kama panya kwenye karatasi. Kila nikisema, unarudia. Basi nikawa nakutilia moja moja, kama mawe kwenye mchele. Ningeharibu yote ungejua. Moja hapa, moja pale, halafu naziba kicheko kwa mto wa kochi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nacheza."

Mama Pasi alijishika kifuani.

"Na hilo pia," alisema Kipusa, akimnyooshea kidole. "Moyo uko kushoto."

Mkono ulitoka kulia. Ulisogea katikati, ukasita hapo, kisha ukashuka ukaning'inia, kwa sababu mwenyewe hakujua tena auweke wapi.

Walirudi nyumbani jua bado kali. Mama Pasi hakuwasha pasi. Alikaa kitandani, akatazama pembe ya dari, ambako buibui mmoja alikuwa amejitundika. Alikuwa amefagia buibui maisha yake yote, majumbani mwa watu na mwake, na hakuwahi kumhesabu hata mmoja, kwa nini amhesabu wakati anajua? Sasa alimtazama mpaka macho yakamtoka machozi. Miguu ilikuwa mingi kuliko ilivyotakiwa. Na kama buibui si kweli, na moyo si kweli, basi nini kingine? Alijaribu kurudi kule mlangoni kuchambua, hili la mwalimu, hili la mto wa kochi, lakini yote yalikuwa na sauti moja, ile ya kuimba.

Mtu mmoja tu ndani ya chumba aliweza kumchambulia.

"Kitinda."

"Abee, mama."

"Chukua vibanio. Panga saba saba, safu nane. Nataka kuona."

Mtoto aliitazama henga ukutani. Alipiga magoti, akamwaga vibanio, akavipanga. Safari hii ulimi haukutoka. Safu zilikaa sakafuni zimenyooka, na mama akateremka kitandani akachuchumaa karibu, kwa mara ya kwanza, kama mwanafunzi.

"Hesabu kwa sauti. Polepole."

Kitinda alihesabu, akigusa kila kibanio. Arobaini ikapita. Hamsini ikafika. "Hamsini na tatu," alisema, na sauti ikapungua, "hamsini na nne."

Akaishia hapo. Mkono wake mdogo uliteleza mwisho wa safu, ukavifunika vibanio viwili vilivyobaki, ukavivuta chini ya sare.

"Na hivyo viwili?" mama aliuliza.

Mtoto hakuinua uso. Kiganja cha pili alikuwa amekwisha kukinyoosha mbele, tayari.

"Hivi ni vya kuanikia nguo, mama."